Mwavuli Ulioushika kwa Nyuma

Mzee wangu Asajile,

Nianze na mjukuu, maana najua ndiye ungemuulizia kwanza. Lusajo mzima. Ameanza chekechea, kifua hakimsumbui tena, na nasikia anapigana na watoto wakubwa kuliko yeye. Mama yake, Tumpe, yuko Masukulu, hapo hapo kwako, amerudi tangu siku za msiba. Mke wako miguu bado inavimba ila anatembea mpaka mgombani na kurudi. Mwanao Ambakisye hajarudi machimboni Chunya. Ile migomba yako ya karibu na njia ameipalilia mwenyewe, vibaya kidogo, lakini ameipalilia.

Sasa mimi. Mimi ni yule mpiga picha wa mtaa wa Bagamoyo, hapa Tukuyu mjini, yule uliyemwambia, "Nitakusubiri." Ulisubiri miezi mitano. Nilikuja kweli, lakini nilikuja nyuma ya jeneza lako.

Jina langu hukuwahi kuliuliza. Uliniita mwanangu, na mimi nina miaka arobaini na nane. Niliishia darasa la saba, nikajifunza kazi kwenye studio ya watu mpaka nikapata chumba changu. Mchana napiga pasipoti saizi, natoa fotokopi, nakwenda kwenye kipaimara na harusi. Usiku ndio nilikuwa najifurahisha. Unaujua mji wetu ukungu ukishuka, taa za magari zinapita humo ndani, hata mtu aliyebeba kigunia cha mkaa anapendeza. Nilikuwa nazima flashi, naficha kamera ndani ya koti, lensi inachungulia kwenye nafasi ya kifungo. Anayepigwa hajui. Vijana wa bodaboda pale stendi wakanipa jina Popo. Nikipita wanaambizana, "Ficheni sura, Popo huyo. Kuna mtu hapa kamwambia mkewe yuko Mbeya." Tunacheka wote. Mimi nilichukulia ni sifa. Nilikuwa naamini mtu akishatoka nje, sura yake ni ya barabara.

Usiku ule nilikuwa nimejibanza kwenye baraza la duka lililofungwa, njia ya kupanda hospitali ya Makandana. Mvua yetu ile isiyo na haraka, iliyoanza tangu saa kumi jioni. Nikawaona mnapanda. Sikuwajua. Habari yenyewe nimekuja kuipata baadaye, kwa vipande: kwamba mtoto alikuwa anapumua kwa shida tangu magharibi, mke wako hawezi kutembea, kijana wako yuko Chunya, na hakukuwa na mwanamke wa kumsindikiza Tumpe hospitali. Ikabidi uende naye wewe, baba mkwe wake. Gari likawashusha stendi. Bodaboda aliyekuwepo alikuwa mmoja, akasema atawabeba mshikaki, wote kwenye pikipiki moja. Ukakataa. Kwa mila za huku mkwe na baba mkwe hawakai hata kwenye benchi moja, sembuse kubanana namna hiyo. Ukamwambia yule kijana ampeleke mama na mtoto, wewe utafuata kwa miguu. Tumpe naye akaogopa kwenda peke yake na mtu asiyemjua. Basi mkatembea.

Nilipiga picha tatu, mzee. Wewe hujaiona hata moja, ndiyo maana nakuandikia.

Ya kwanza umetangulia mbele. Kofia imelowa mpaka imelala masikioni. Mkono wako wa kulia umeunyoosha nyuma, kama mtu anayevuta ng'ombe kwa kamba, na mkononi una mwavuli. Mwavuli wote uko nyuma. Hata robo yake haikufuniki wewe. Chini yake yuko mwanamke ameinamisha kichwa, amejitanda kitenge mpaka machoni, mgongoni kuna mtoto. Wewe unatazama mbele. Hujageuka. Ya pili ni hivyo hivyo, ila mkono umeanza kushuka kwa kuchoka na umekishikilia kiwiko kwa mkono mwingine.

Ya tatu, yule mwanamke kakanyaga tope, kateleza. Umegeuka, umemdaka asiangukie mtoto. Mwavuli umedondoka. Pikipiki ikatokea wakati ule ule, taa yake ikawapiga usoni wote wawili. Kitenge kimeshuka. Mnatazamana.

Nikaitoa hiyo ya tatu. Niliibandika kubwa kwenye dirisha la studio na kuiweka Facebook, nikaandika chini yake, "Mapenzi hayaogopi mvua."

Watu waliipenda sana. Wengine wakaandika kwamba huyo ndiye mwanaume, wengine wakamtania binti kwamba kafuata mashamba ya mzee. Mimi nikawa nawajibu kwa vicheko. Siku ya nne mtu wa Masukulu alikuja mjini kuuza parachichi, akasimama dirishani. Jioni ile ile picha ilikuwa imefika Chunya, kwenye simu ya mwanao.

Ulikuja asubuhi, mapema. Nilikukuta umesimama nje, umelipa mgongo dirisha. Nikadhani unasubiri pasipoti saizi. Nikasema karibu mzee, ukasema huwezi kuingia mpaka niiondoe hiyo picha, na mimi nikaiondoa huku unatazama barabarani. Hata kwenye karatasi hukutaka kumtazama mkweo. Kisha ukaingia, ukakaa, ukanieleza taratibu, bila kupandisha sauti. Kwamba kijana wako amepiga simu na kutukana. Kwamba Tumpe amefungasha, amerudi kwao na mtoto. Kwamba wazee wenzako wakikuona njiani wanakohoa.

Nilitegemea utaniita mshenzi, au utasema unakwenda polisi. Ulisema, "Mwanangu, ulichokiona usiku ule njoo ukiseme nyumbani kwangu. Mimi nikisema, ni maneno ya mshtakiwa."

Nikakwambia Jumapili, baada ya ibada.

"Ndaga," ukanishukuru. "Nitakusubiri."

Jumapili hiyo nilikuwa na kipaimara cha kupiga. Iliyofuata mvua. Ya tatu sikutafuta hata sababu. Nilizuia simu ngeni, nikafuta ile ya Facebook, nikajiambia yatapoa. Siku moja tulikutana sokoni, umebeba mkungu wa ndizi begani. Nilitaka kupinda kwenye maduka ya nguo, ukawa umeshaniona. Ukashusha mkungu, ukanisalimia, ukauliza watoto hawajambo. Hukutaja kitu. Ungenitukana pale mbele za watu ningelala vizuri zaidi.

Nikwambie sasa kwa nini sikuja. Mimi ni Mnyakyusa kama wewe. Mama yangu mzazi alikuwa akisikia sauti ya babu, baba mkwe wake, uani anatokea mlango wa nyuma. Kwa hiyo nilipoifungua ile ya kwanza kwenye kompyuta, mzee anashika mwavuli kwa nyuma bila kugeuka, nililowa na yeye. Nilijua pale pale huyo ni mtu na mkwewe. Nilijua kabla sijaandika yale maneno. Lakini ile ya kwanza haikuwa na sura, na ya tatu ilikuwa na sura mbili zenye mwanga mzuri ambao sijawahi kuupata, na nikajiambia hawa ni watu wa kupita, nani atawajua. Kuja kwako ilikuwa lazima nije na zote tatu. Na yeyote mwenye akili angeniuliza swali moja tu.

Dada yako ndiye aliyeniuliza.

Nilisikia umefariki kutoka kwa vijana wa stendi, wanasema mzee wa ile picha ya Popo kaondoka, presha. Ya Popo. Nilifunga studio, nikaja Masukulu na kamera. Tulipotoka kukuzika nilimwomba Ambakisye nafasi ya kusema. Alinitambua, akanishika kola ya shati. Ni wazee waliosema mwacheni aseme. Nikasimama kwenye turubai, nikaeleza, halafu nikawapitishia kamera mkono kwa mkono waone kwenye kile kioo kidogo. Ambakisye aliitazama ile ya kwanza mpaka kioo kikajizima, akabonyeza kikawaka, akaitazama tena. Akatoka akaenda nyuma ya nyumba.

Ndipo shangazi yake, dada yako, akaniuliza akiwa amekaa chini na wanawake, "Wewe si mtoto wa huku huku? Hii hukuiona?"

Nikasema, "Niliiona, mama."

Akasema, "Haya. Kaa chini ule." Nikaletewa ndizi na maharage, mzee, kama mtu. Sikuweza kumaliza.

Siku ya tatu Ambakisye alikwenda mwenyewe kwa wakwe zake. Alikwenda na shangazi, maana peke yake asingepokelewa. Sijui walisemezana nini, na si yangu kujua. Tumpe alikuwepo kuanua matanga.

Baadaye Ambakisye alikuja studio. Alitaka ile ya kwanza aiweke sebuleni, kubwa, kwenye fremu. Akasema baba hana picha nyingine zaidi ya ya kitambulisho, na hii haina hata sura, nani atakasirika. Nilikuwa nimeshawasha printa. Nikaizima. Nikamwambia twende kwanza kwa mwenyewe. Akashangaa, mwenyewe si ameshakufa? Nikasema wa nyuma.

Tumpe alikuwa anamenya ndizi. Nilimwamkia, nikakaa mbali kidogo, nikamweleza kuna picha tatu, ziko hivi na hivi, sijampa mtu, naomba kama anaruhusu. Ni mara ya kwanza katika kazi yangu yote kumwomba mtu picha ya usiku. Nilijiona kama kijana anayeposa.

Hakuacha kumenya. Alisema, "Ile ya dirishani hukuniuliza. Hii umeniuliza. Sitaki."

Ambakisye akaanza kusema mke wangu, hii ni kumbukumbu ya mzee. Tumpe akamwambia, "Kumbukumbu ninayo."

Nikatoa kadi kwenye kamera nimwonyeshe ni hiyo moja tu, nikairudisha, nikamsogelea aone, nikafuta moja baada ya nyingine. Ya tatu, ya pili, ya kwanza. Nyumbani nikafuta za kwenye kompyuta. Sikuacha nakala, mzee. Sikwambii uwongo, iliniuma. Ile ya kwanza ndiyo picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, na sitapiga nyingine kama ile.

Siku hizi usiku natoka bado. Kamera naining'iniza kifuani, juu ya koti. Nikiona kitu namfuata mtu, namsalimia, namwonyesha. Wengi wanakataa. Wakati wanafikiria, ule mwanga unakuwa umeshapita, tunabaki wawili tunatazamana kwenye giza. Vijana wa stendi wanasema Popo kazeeka. Sawa. Nakuahidi hivi ndivyo nitakavyokaa mpaka mwisho, hata nikirudi nyumbani na kadi tupu.

Nilipokuwa naaga siku ile, Tumpe aliniita. Nikafikiri amebadili nia. Alikuwa amejitanda kitenge vizuri, anatazama chini, vile wakwe wanavyosimama wakitaka kupeleka neno kwa baba mkwe kwa kupitia mtu mwingine. Nikamwambia nina mpango wa kukuandikia, kama haoni vibaya. Akafikiri. Akasema kwenye barua haina neno, mradi ni kwa baba, maana yeye hakugeuka nyuma hata mara moja, hakuona kitu. Kule kuteleza hakukutaja, nami sikumkumbusha.

Akaniagiza: "Mwambie baba mwavuli ulinitosha. Mimi na mtoto hatukulowa."

Neno lako nililibeba miezi mitano sikulifikisha. Hili la mkweo nimelileta.

Pumzika, tata, baba yangu. Mvua inanyesha huku.

Popo