Bosko Asifungwe Tena

Mama, na wewe Mbithe,

Ile sauti ya kutafuna mliyoisikia kabla hakujapambazuka haikuwa ya panya. Nilitoka na tochi nikakuta Bosko ameikata kamba niliyomfunga nayo kwenye nguzo ya jikoni.

Ugali wake uko kwenye sufuria ndogo. Uchanganyeni na mchuzi, usiwe moto.

~~Mfungeni kwa mnyororo mpaka nirudi.~~ Hapana. Msimfunge.

Tangu tumchukue kwenye makao ya mbwa, Baba anasema mbwa mgeni hufungwa mpaka aujue mji, na akikata kamba anarudishwa alikotoka. Nilikubali, nikajiona najua. Sasa sielewi kitu. Geti lilikuwa wazi usiku kucha. Yeye akakata kamba, halafu akaja kulala mlangoni juu ya viatu vyangu vya shamba. Nani hutoroka kwa kuja ndani?

Najua Mbithe atasema alikuwa anayakimbia mashairi yangu. Nimemghania beti mbili, akatulia akasikiliza. Wewe Mbithe huwa huufikii ubeti wa pili.

Mama, Baba akiuliza, mwonyeshe kamba, lakini mwonyeshe pia alipolala. Mimi naenda Kanyangi, nitarudi jioni. Kuku wafungiwe, tusimpe Baba sababu.

Kabla sijaondoka nimeinama nikamwambia Bosko kwa sauti, na Baba alikuwa anakohoa chumbani, kwa hivyo amesikia: "Hakuna wa kukurudisha. Ukitolewa hapa, tunatoka wawili."

Mwanao, na kaka yako,
Kivuva