Chekimeti kwa Baba Mkwe

Jumapili, Agosti 1972

Kuna neno moja leo lilinishinda kutamka, na mpaka sasa sijalitamka.

Leo baba mkwe alitaka nimfundishe sataranji, mchezo wa ubaoni ninaowafundisha wanafunzi wangu. Kila neno aliliuliza maana. Nikamwambia cheki ni kumwonya mwenzako kwamba mfalme wake yuko hatarini. Na chekimeti je, akauliza. Nikajibu bila kufikiri: "Mfalme amekwisha, baba. Hana pa kukimbilia. Na lazima umtamkie mwenzako."

Muda si mrefu akamwacha mfalme wake wazi. Nikajaribu kujifanya sioni, akanikazia macho. "Usinichezee kama mtoto."

Nikasogeza malkia, na mfalme wake akakosa pa kukimbilia. Halafu nikanyamaza. Mimi niliyeoa kwake juzi tu, nimwambie mzee huyu amekwisha, ndani ya nyumba yake, nikinywa chai yake?

Mama mkwe, ambaye kwa desturi yetu haketi nami chumba kimoja, akauliza kutoka jikoni: "Mbona kimya?"

Baba mkwe akamlaza mfalme kwa mkono wake mwenyewe. "Mkwe wako amenifunga, na anaona haya kusema. Basi nitasema mimi. Chekimeti."

Nilifikiri nimeharibu kila kitu.

Lakini kule jikoni mama mkwe akacheka, akacheka mpaka akakohoa. Tangu harusi sikuwahi kumsikia akicheka nikiwa pale. Nilikuwa nimeshaamini kwamba hanipendi.