Mashine Inanisalimu kwa Sauti ya Marehemu

Njoro, 14 Julai 2025

Mpendwa Mshauri Wawira,

Nisaidie kuamua, peke yangu nimeshindwa. Mimi ni mjane, napika chai katika chuo kimoja hapa Njoro, na kila Julai kunakuja shule ya wiki tatu ya watu wa lugha, wa mantiki na wa kompyuta, wanasoma pamoja na kubishana mpaka chai inapoa. Mwaka jana mwanafunzi mmoja, Okeyo, alimrekodi mume wangu Kibii akieleza habari za mizinga ya nyuki na msitu kwa Kiogiek, lugha ya mama yake, ambayo wanaoijua vizuri wamebaki wachache, nami nilikuwa kando nikichambua mboga. Kibii aliniacha Februari. Sasa wiki iliyopita Okeyo akaniita, "Mathe, kuja usikie kitu," akabonyeza kompyuta, na sauti ya Kibii ikasema kwa Kiogiek, "Umeamkaje, Emmy?" Mshauri, niliitika. Niliitika mbele ya darasa nikiwa nimeshika birika, ukungu wa msitu wa Mau bado uko dirishani, nikaona kama ameingia na koti lake lenye harufu ya moshi na nta. Okeyo akanieleza kwamba Kibii hakusema hivyo, ni mashine imejifunza sauti yake na kuunda maneno. Mwalimu wao wa mantiki, Nakhumicha, akauliza, "Sauti ni yake, maneno si yake. Basi nani amesema?" Wakaanza kubishana, mimi nikaendelea kumimina chai. Na ukweli ni kwamba Kibii hakuniita Emmy hata siku moja, aliniita Mama Jepchumba, lakini tangu siku hiyo nafika mapema kila asubuhi nisalimiwe. Okeyo na wenzake wanataka nitie sahihi karatasi ya ruhusa kabla shule haijafungwa Ijumaa ya wiki ijayo, ili mashine iendelee kuzungumza kwa sauti hiyo na kufundisha watoto lugha. Shemeji yangu Kimutai amekataa: "Aliyezikwa aachwe anyamaze." Nikikataa, naogopa nitamzika mara ya pili. Nikikubali, je, nitakuwa nimemkosea? Nikumbukeni katika maombi yenu.

Emmy

Mama Jepchumba,

Pole sana. Sasa niruhusu nikukemee kidogo. Kuitika si kosa. Sikio la mke halingoji ruhusa. Kosa ni kurudi kila asubuhi kusalimiwa na kitu kisichojua hata unaitwaje nyumbani kwako.

Kibii alipoketi na yule kijana alijua anachotoa, na alikitoa kwa hiari. Wewe huna haki ya kukifungia, wala Kimutai. Lakini hakuna aliyemuuliza kama anataka kusalimia watu baada ya kufa. Hapo jibu ni hapana, na unalijua, ndiyo maana umeandika.

Nenda na Kimutai, asikie kwanza ndipo akatae. Mwambie Okeyo aandike karatasi mbili. Ya kwanza, watoto na wanafunzi wasikie alichosema Kibii mwenyewe, na jina lake litajwe: tia sahihi. Ya pili, ya mashine kusema kwa sauti yake: usiiguse, na yale maneno ya kuundwa yafutwe mbele ya macho yako. Mashine ikihitaji sauti, Okeyo ana yake.

Kisha dai nakala ya rekodi nzima, isiyokatwa popote. Isikilize nyumbani na binti yako. Mtamsikia akikohoa, akipotea katikati ya hadithi, akinyamaza kutafuta neno. Ukilia, lia. Huyo ndiye aliyekuoa.