Hati za Butihinda Ndani ya Kompyuta

Gitega, Jumanne

Nadine, mjukuu wangu, una shule nyingi lakini huna akili! Hati za shamba langu la Butihinda ziliisha kuliwa na mchwa. Zimebaki picha tu ndani ya kompyuta yako, na humo humo unaweka mchezo wa karata uliotengenezwa na watu usiowajua.

Nadine aliniapia kwamba kila programu imefungiwa chumba chake humo ndani, haiwezi kugusa vya wengine. Leo nimemwona anasoma habari kwenye kompyuta, uso umembadilika.

"Bibi, ile chumba iko na kasoro. Programu ikitaka kitu inaomba kwa mlinzi. Kumbe inaweza kumpa njia ya uongo, anafungua bila kuangalia inaenda wapi."

"Akishafungua?"

"Inasoma vyote. Inaweza na kufuta."

Hilo nalijua. Kwetu mtu akisema "nimetumwa na dada yako", unampa, maana kumhoji ni kumdharau dada. Ndivyo mbegu zangu za maharage zilivyoondoka, na dada hakutuma mtu.

Nadine anasema mchezo wake haujafanya kitu. Anajuaje? Yule mwizi naye alinisalimia vizuri, akanywa na maji yangu.

Na shemeji zangu wanangoja tu hati zipotee, waseme shamba ni lao. Mimi niliyelima...

Kesho kabla ya chai Nadine auondoe mchezo, aweke marekebisho ya hicho chumba, anipe picha zote kwenye flashi. Nitaifunga kwenye pindo la kitenge. Na mtu akija kuiomba kwamba ametumwa, asipewe, hata kama aliyemtuma ni mimi.