Kopo Jekundu Sitakutumia

Dada yangu mpenzi Nasimiyu,

Pokea salamu nzito kutoka Juba. Mgongo wako umepoa? Na yule ng'ombe mkali bado anawapiga teke? Mimi ni mzima kama chuma cha reli. Jua la huku linakaanga yai juu ya boneti ya gari, na juzi nimelikaanga kweli, nikala na chumvi.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikia, kwamba nikufichie kopo moja jekundu la ule unga kwa ajili ya mwanao Simiyu, labda naye ataanza kusema. Dada, soma kwanza yaliyonipata, ndipo unikasirikie.

Unajua naendesha gari la hawa watu wanaopima virutubisho vya watoto wadogo wenye usonji. Bila mimi hakuna mtoto angepata hata kijiko. Barabara ya Gudele ikinyeshewa, hata mamba wanageuza wanarudi mtoni, mimi napita. Kila mama amepewa kopo, anakoroga unga kidogo kwenye uji wa mtoto asubuhi. Makopo mengine yana kifuniko chekundu, mengine cha bluu. Rangi moja ndiyo yenye vitamini, nyingine ni unga tu usio na kitu. Ni ipi? Hata Daktari Poni, mama anayetusimamia, hajui. Amefichwa kusudi, asije akapendelea.

Sasa mimi, mtu niliyeonja chai ya nchi tano, ningenyamaza? Nilionja yote mawili, nikawatangazia kina mama pale nje wakingoja gari: "Jekundu ndilo lenyewe! Ulimi huu haujawahi kukosea." Nilieleza vizuri mno, hilo ndilo lililoniponza. Mama Keji, ambaye binti yake ana miaka minne na hajatamka neno, kama Simiyu tu, alikuwa na la bluu. Alimpa jirani kuku, akapewa jekundu. Wengine nao wakaanza kubadilishana, wengine wakagawana nusu kwa nusu.

Daktari aliyaona makopo yamehama, akaniita.

"Wekesa, umewaambia nini kina mama?"

"Ukweli, Daktari."

"Ukweli upi? Wakichanganya hivi, hatutajua kama huu unga unasaidia au hausaidii. Itabidi nifunge kazi, na hawa watoto wabaki kwa kubahatisha tu."

Yule mama hatishwi na kitu, lakini sauti ilimkatika. Nikamwambia, niachie mimi.

Nikawakusanya kina mama, nikasema nilidanganya. Unadhani waliamini? Walicheka! Mmoja akasema daktari amenifunga mdomo. Mama Keji akasimama, mkono kiunoni: "Wewe iko nataka kuficha nyekundu yote upeleke kwenu Kenya!"

"Haki ya Mungu, Mama Keji, ulimi wangu haujui lolote."

"Basi onja hapa, sisi tuone."

Akanifunga macho kwa kitambaa chake cha begani, akakoroga uji vikombe vitatu. Mimi nilikuwa nimeshapanga, dada: nitakosea kusudi, waache kuniamini, kazi iokoke. Lakini uji ulipofika mdomoni, sikujua hata nikosee vipi! Vyote ladha moja. Nikasema kwa sauti kubwa, "Jekundu! Bluu! Jekundu!"

Kikalipuka kicheko kilichosikika mpaka mtaa wa Malakia. Vikombe vyote vitatu vilitoka kopo moja, la bluu.

"Ita kadabu!" Mama Keji akanipigia kelele, yaani wewe mwongo, huku machozi ya kucheka yakimtoka. "Ulimi yako ni ya mbuzi! Nirudishie kuku yangu!"

Jirani alikuwa ameshamla kuku. Lakini makopo yalirudi kila moja kwa mwenyewe, yaliyochanganywa yakabadilishwa kwa mapya, na Daktari akasema siku zilizoharibika ni chache, kazi inaendelea. Asubuhi ya pili Mama Keji alipanda gari langu na kopo lake la bluu, akakaa kiti cha mbele.

Kwa hiyo, dada, la Simiyu sitaiba. Kina mama hawa wanangoja jibu kwa ajili ya watoto wao na wa kwetu pia. Mpeleke kliniki, na usinunue unga wa mtu anayepita na begi. Jibu likitoka nitapiga kelele, utanisikia bila simu.

Nisalimie mama, mwambie meno ninayo yote. Msalimie shemeji, fundi wetu wa baiskeli, na shangazi wa kanisani anayeniombea. Simiyu mpe mgongo aurukie, kama mimi nilivyokuwa namfanyia.

Na ukiniuliza tena ni kopo lipi lenye dawa: sijui. Neno hilo nimeliandika mara ya kwanza maishani, basi barua hii usiisome mbele ya majirani.

Ni mimi kaka yako, dereva mkuu na wa pekee,
Wekesa