Ammar na gari lisilozimika

Nunu shoga, Ammar kaumbuka leo mbele ya mama mkwe wake!

Si unajua alivyotuchosha na ile injini ya turbo aliyopachika kwenye pikapu? Eti kaifungia pampu ya dizeli ya kizamani, haitaki kompyuta wala nyaya. Fundi akamwambia, "Bado kamba ya kuzimia injini." Bwana mkubwa akajibu, "Nitaifunga nikirudi."

Sasa yumo kwenye kivuko Magogoni, anamvusha mama mkwe. Mhudumu: "Zima gari!"

Ammar kazima. Linaunguruma.

Kachomoa funguo. LINAUNGURUMA!

"Wewe, zima gari!"

"Nimezima!" Anampungia funguo, Nunu! Funguo!

Mwisho katia gia, kakanyaga breki, kaachia klachi. Gari likajikung'uta, likazimika.

Mama mkwe katengeneza buibui lake, akauliza taratibu: "Ammar mwanangu, sasa hiyo funguo ya nini?"