Chaki Mfukoni mwa Aproni

Jumatatu, 3 Machi

Nimerudi kazini! Wiki kumi na nne tangu Kipara wangu azaliwe, na leo nimeshika mkasi tena. Wenzangu wa chumba cha kukatia wamenipokea kama bibi harusi – stuli imewekewa mto, meza imefutwa. Dada Vifungo, anayeshona vifungo vyote humu, kanikumbatia mpaka nikakosa pumzi. Nina bahati ya watu, hilo sikatai.

Ila nimechoka. Si uchovu wa kukosa usingizi, huo naujua. Huu uko kwenye mifupa. Nikiinua roli la kitambaa moyo unapiga kama nimekimbizwa na mbwa. Kila ninayemwambia ananijibu ndio uzazi huo, utazoea. Haya. Nazoea.

Jumatano, 5 Machi

Nimeharibu kazi. Sare za shule. Nililaza matabaka ishirini ya kitambaa, yote uso juu, badala ya kuyapanga uso kwa uso, nikakata mikono ya mashati. Yote ya kushoto! Mikono ishirini, wa kulia hakuna hata mmoja. Kosa la mwanagenzi wa siku ya kwanza. Fundi Mkuu alilitazama lile rundo, akaniuliza kama kuna shule ya watoto wa mkono mmoja ambayo yeye hajaisikia. Chumba kizima kikaangua kicheko. Nami nikacheka, kisha nikalia, kisha sikujua nafanya lipi. Akaniambia nikae, kola zitatoka humo humo. Mungu amzidishie.

Jambo jingine, naliandika hapa tu. Chaki za kuchorea kitambaa zinapotea, na Fundi Mkuu amelalamika leo. Zinapotea kwa sababu nazila. Ndiyo! Nilianza kwa kulamba vumbi kidoleni. Sasa navunja kipande kizima, nyeupe – ya buluu siipendi. Nikisikia harufu yake tu, mate yananijaa. Mtu mzima, mama wa mtu!

Alhamisi, 6 Machi

Nguvu zimeniishia kwenye ngazi. Tunakaa juu, vidato ishirini na sita. Nilikuwa nashuka na Kipara mkononi, macho yakaingia giza, nikajikuta nimekaa. Nimekaa tu, sikuanguka. Yeye hata hakuamka. Lakini sitambeba tena pale. Mama mkwe, anayeishi nasi tangu nijifungue, nimemwambia mgongo unaniuma, awe anamshusha yeye. Akampokea papo hapo.

Jumamosi, 8 Machi

Ukweli usemwe: naona wivu. Kipara analia, namchukua, anazidi. Bibi yake akimchukua, kimya! Kifua kile kina nini? Mama wa watu ameacha nyumba yake aje anifulie nguo, na mimi namnunia moyoni. Nisamehewe.

Mume wangu ni fundi rangi. Leo karudi na kijani sikioni. Kaniuliza mbona simwogeshi mtoto siku hizi. Nikasema nimechoka. Akasema pumzika, akamwogesha mwenyewe, wakatoka wote wawili wamelowa chapachapa. Namshukuru, tena sana. Lakini nataka kumbeba mwanangu mwenyewe bila kuogopa. Hilo tu.

Jumapili, 9 Machi

Nimekamatwa! Mama mkwe alichukua aproni yangu akaifue. Akatia mkono mfukoni, akatoka na kipande cha chaki. Kina alama za meno. Akakiweka mezani mbele yangu, akafunga mlango. Nikajiandaa kusemwa.

Akaniuliza naila tangu lini. Nikasema tangu mimba ya miezi saba. Akaniambia yeye ilikuwa mkaa. Mkaa! Alipokuwa amemzaa mume wangu. Alikuwa akiula kwa kujificha, na hakumwambia mtu kwamba kichwa kinamzunguka. Siku moja akaanguka naye mlangoni. Ile alama kwenye nyusi ya mume wangu – miaka yote tunaambiwa ni ya baiskeli – ni ya kizingiti. Hajawahi kumwambia mwanawe. Akalia, nami nikalia, Kipara alipotuona akaanza na yeye. 

Kumbe tangu Alhamisi alijua si mgongo. Eti mwenye mgongo mbovu hafumbi macho akiiona ngazi. Kesho kliniki, kasema. Hakuwa ananiomba.

Jumatatu, 10 Machi

Damu saba nukta sita! Inatakiwa kumi na mbili. Muuguzi alinivuta kope ya chini, akaguna. Kumbe nilikuwa na upungufu tangu mimba, na siku ya kujifungua nikapoteza nyingine nyingi. Nikamnong'oneza habari ya chaki, nikitegemea atacheka. Aliandika tu. Akasema wapo wa barafu, wapo wa mchele mbichi. Mwili ukikosa madini ya chuma huanza kutamani vioja. Na chaki yenyewe hainisaidii lolote.

Kwa hiyo sina wazimu. Si mvivu! Nimepungukiwa damu, basi. Nilitamani kumbusu yule muuguzi. Kanipa vidonge, nimeze na chungwa, si na chai, kwani chai inavizuia. Nirudi baada ya mwezi. Damu isipopanda, dripu.

Ijumaa, 14 Machi

Choo cheusi kama lami. Muuguzi alinionya kuwa ni vidonge, bado nimeshtuka.

Jumanne nilimwungamia Fundi Mkuu. Akasema basi ndiyo maana panya hawanaswi. Ametega mitego wiki nzima! Chaki amezifungia kabatini, ufunguo anatembea nao, na kila asubuhi nakuta chungwa mezani pangu. Dada Vifungo ananilinda nisiguse chai mpaka saa nne. Watu hawa nitawalipa nini?

Jumatano, 26 Machi

Nimebeba roli la kitambaa toka mlangoni hadi mezani bila kusimama! Nimemwogesha Kipara pia, nimeketi sakafuni, beseni chini. Alinipiga maji usoni, nikacheka mpaka mbavu zikauma.

Ngazi bado. Jana nilifika naye kidato cha juu, nikarudi ndani.

Jumapili, 6 Aprili

Kipimo cha pili ni kesho. Jana mama mkwe alimwambia mume wangu habari ya kizingiti. Mume wangu akaigusa nyusi yake, akamwuliza, na wewe Mama, uliumia wapi? Mama akainuka, akakusanya vikombe. Baadaye akaniambia jikoni kwamba miaka thelathini na mmoja hakuna aliyewahi kumwuliza hilo.

Asubuhi hii tunamtoa mtoto akaote jua. Mama mkwe alimfunga shali, nikajua anamshusha kama kawaida. Akanikabidhi mimi. Akashuka peke yake hadi chini, akageuka, akaweka mikono nyuma.

Naandika nimekaa kidato cha juu, daftari gotini, Kipara kifuani anatafuna kola yangu. Nimemwomba Mama apande anipokee katikati. Hapana, kasema. Mikono bado iko nyuma, lakini nauona ukingo wa kitenge chake umevutika kwenda nyuma, ameukamata kwa nguvu. Anasema nikichoka nikae palepale, yeye hana haraka.

Haya. Nasimama.